Kompyuta Inayosoma na Mhakiki wa Fasihi

Katika makala haya nimekusudia kueleza jambo ambalo si kawaida kulikuta katika kurasa zetu hizi, nalo ni namna kompyuta inavyofundishwa kujipatia maarifa kwa kusoma matini zilizomo katika intaneti. Najua wapo watakaouliza jambo hilo linahusiana vipi na uhakiki wa fasihi. Mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja bwenini alipochungulia kichwa cha makala haya alicheka, akaniambia, "We nawe, si ungeomba tu kuhamia uhandisi?" Sikumjibu siku ile. Nilikuwa na sababu yangu ambayo nilikuwa naona haya kuisema, na nitaisema huko mbele, kwani bila kuisema makala haya yatakuwa nusu.

Kwanza tukubaliane kuhusu neno. Wapo wanaosema tarakilishi, na iliwahi kupendekezwa ngamizi. Mimi nitasema kompyuta kwa kuwa ndilo ninalolisikia mtaani. Kompyuta inaweza kutunza riwaya zote za maktaba yetu bila kuchoka, lakini kutunza si kujua. Kabati la vitabu nalo linatunza. Ukiandika "Dar es Salaam iko kando ya bahari", kompyuta imepokea herufi. Haijapata habari yoyote ya Dar es Salaam wala ya bahari. Wanaoitwa wataalamu wa akili bandia walianza kuhangaishwa na jambo hili zamani, na jibu lao la kwanza lilikuwa la subira: tuijaze kwa mkono. Mwaka 1984 Douglas Lenat alianzisha Marekani mradi ulioitwa Cyc, ambamo watu waliajiriwa waiandikie mashine, moja baada ya jingine, mambo ambayo mtoto wa shule anayajua bila kufundishwa: kwamba mama ni mkubwa kuliko mwanawe, kwamba aliyekufa hanunui tena viatu, na kadhalika. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo walivyotumaini. Kazi hiyo iliendelea kwa miongo, na kibaba hakikujaa, maana mambo ambayo kila mtu anayajua hayana mwisho, na yaliyo mengi hatujui hata kwamba tunayajua.

Basi likazuka wazo jingine. Kwa nini tuiandikie, na watu wameshaandika? Mwaka 1992, katika mkutano wa wanaisimu-kompyuta uliofanyika Nantes, Ufaransa, Marti Hearst alionyesha kwamba kuna vipande vya sentensi ambavyo vyenyewe vinatangaza maarifa. Nitatumia mfano wa kwetu. Nikiandika "matunda kama vile maembe, mafenesi na mastafeli", hata msomaji asiyewahi kuliona fenesi amejua kwamba ni tunda. Nimemfundisha bila kukusudia kumfundisha. Kompyuta haihitaji kuelewa sentensi nzima. Itafute tu "kama vile", itazame jina la kushoto na majina ya kulia, iandike. Hearst alijaribu viunzi vya namna hiyo kwa Kiingereza katika matini ya ensaiklopidia, akapata orodha za kweli. Hila yenyewe ni ndogo, karibu ya kitoto. Lakini ndiyo mbegu.

Mti wenyewe uliota Pittsburgh, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, chini ya Tom Mitchell na wenzake. Januari 2010 waliwasha programu waliyoiita NELL, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mjifunza lugha asiyekoma. Na kweli haikukoma: ilisoma usiku na mchana, kwa miaka. Sasa hebu tuangalie ilikuwa inasomaje, maana hapa ndipo penye mambo.

Ilipewa kwanza kitu kama mifupa ya ulimwengu, yaani mamia ya makundi na mahusiano: mji, mtu, kampuni, mnyama, mchezo, halafu fulani anachezea timu fulani, kampuni fulani ina makao mji fulani. Kwa kila kundi ilipewa mifano kumi hadi kumi na mitano tu. Ikaachiwa kurasa milioni mia tano za intaneti. Tuseme kundi ni mji, na mifano ni Paris, London na Chicago. Mashine inatafuta sentensi zenye majina hayo, inaona kwamba mara nyingi yanatanguliwa na maneno kama "meya wa" au "barabara za jiji la". Inavichukua viunzi hivyo, inavitumia kutafuta majina mengine ambayo haikupewa. Ikishayapata, inayatumia kutafuta viunzi vipya. Viunzi vipya vinaleta majina mapya. Ni kama mvuvi anayemtumia dagaa kuwa chambo cha kumpata samaki mkubwa, kisha akamkata yule mkubwa akawa chambo tena.

Ila mvuvi akikosea chambo cha kwanza, atavua viatu hadi jioni. Kisa kinachosimuliwa zaidi kuhusu NELL ni cha biskuti. Wamarekani biskuti wanaiita kuki. Nao watu wa kompyuta waliliazima neno hilo hilo wakaliitia vijifaili ambavyo tovuti inaviacha ndani ya mashine yako ili ikutambue ukirudi. NELL ilikuwa inafanya vizuri katika kundi la vitu vya kuoka: mikate, keki, biskuti. Siku moja ikaamua kwamba na kuki za intaneti ni kitu cha kuoka. Ilikuwa imesoma sentensi ya mtu anayesema amefuta kuki zake za intaneti. Haya, ikasoma kwingine mtu anasema amefuta mafaili yake. Ikakata shauri: kumbe mafaili nayo yanaokwa! Kosa moja likazaa kosa jingine kama maporomoko, mpaka Mitchell mwenyewe alipopitia orodha akalikata na kuiwasha upya. Habari hii ilitolewa katika gazeti la New York Times mwaka 2010.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka, kisha nikajiuliza Kiswahili kingeifanyia nini mashine hii. Chukua neno mbuzi. Mashine imeshafundishwa kwamba mbuzi ni mfugo, pamoja na ng'ombe na kondoo. Inakutana na sentensi: "Bibi alikalia mbuzi akakuna nazi." Haijui jiko la pwani. Inachojifunza ni kwamba kitu kinachokaliwa ni mfugo. Inasoma "alikalia mkeka", mkeka unaingia zizini. "Alikalia kigoda", kigoda nacho. Na ikifika katika kitabu cha historia ikasoma kwamba wakoloni waliikalia nchi, basi nchi nayo imekwisha kuwa mfugo. (Hapo, bila kujua, mashine ingekuwa imesema neno ambalo baadhi ya washairi wetu walihitaji beti nyingi kulisema.)

Watengenezaji wa NELL hawakuwa wajinga. Walitabiri maporomoko haya na kuyawekea kingo. Kingo ya kwanza ni kwamba msomaji si mmoja. Ndani ya programu mna wasomaji kadhaa: mmoja anatazama viunzi vya sentensi, mwingine anatazama orodha na majedwali ya kurasa, wa tatu anatazama sura ya neno lenyewe, limeanza kwa herufi kubwa au limeishia kwa silabi gani, na wa nne anatunga kanuni kutokana na yaliyokwisha kujulikana. Jambo likiungwa mkono kwa nguvu na msomaji mmoja, au kwa unyonge na wasomaji wengi, linapandishwa cheo. Kingo ya pili ni kukatazana: mashine inaambiwa tangu mwanzo kwamba kitu hakiwezi kuwa mtu na mji kwa wakati mmoja, wala mnyama na kampuni. Jina likidai nafasi mbili, linatiliwa shaka. Kwa mbinu hizo, katika siku 67 za mwanzo ilikusanya mambo 242,453, na wenyewe walikadiria kwamba takribani asilimia 74 yalikuwa sahihi. Kufikia 2015 waliripoti zaidi ya milioni 80, kila moja likiwa na kiwango chake cha uhakika, mengi yakiwa ya uhakika mdogo.

Nimesema "mambo". Wenyewe hawakuyaita mambo, wala maarifa, wala kweli. Waliyaita imani. Kitu kinapopandishwa cheo, mashine inakiamini. Na katika mfumo wao wa 2010, kilichokwisha kuaminiwa hakikushushwa tena.

Nadhani msomaji wa fasihi ya Kiswahili ameshaona ninakokwenda. Sisi tuna nchi nzima iliyojengwa juu ya neno hilo. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, naye mwenyewe akiwa mtumishi wa serikali yao. Nchi yenyewe inaning'inia angani, na jina lake linatokana na kusadiki. Mpe NELL ya Kiswahili kitabu hicho. Itakuta "nchi ya Kusadikika", "mfalme wa Kusadikika", "watu wa Kusadikika". Viunzi vyote vinatimia, pengine kuliko vinavyotimia kwa Komoro. Itaandika: Kusadikika, ni nchi. Imesadiki. Na mwandishi ametega mtego wake mahali hapo hapo, kwa kuwa kila jina analolitoa linamwambia msomaji asisadiki kirahisi. Waziri anayeshtaki anaitwa Majivuno. Mashine ya kukatazana itapata taabu: majivuno ni tabia, na Majivuno ni mtu, chagua moja. Ikichagua mtu, imepoteza nusu ya kitabu. Ikichagua tabia, imepoteza nusu nyingine. Msomaji binadamu hachagui. Anakwenda na zote mbili mpaka ukurasa wa mwisho.

Hili ndilo jambo ninalotaka tuliangalie kwa makini, kwa sababu linatueleza sitiari kwa namna ambayo sikuwahi kuielewa darasani. Tumezoea kukariri kwamba sitiari ni ulinganisho usiotumia maneno ya kulinganishia. Sawa, lakini hiyo ni sura yake. Mashine inatuonyesha kazi yake. Ulimwengu umegawanywa katika makundi yanayokatazana, na mtu mwenye lugha anasimama makusudi juu ya mpaka. Anaposema "yule mama ni simba", kwa mashine hilo ni kosa la kusafishwa. Kingo ile iliyowekwa ili isioke mafaili ndiyo hiyo hiyo inayoifanya isipate sitiari. Huwezi kuiondoa ukabaki salama, wala huwezi kuiacha ukabaki msomaji.

Hata tashbiha, ambayo ni nyepesi, ina mikasa yake kwetu. Kiingereza kina kiunzi chake cha kutajia mifano na kingine cha kulinganishia. Kwetu neno kama linabeba vyote. "Wanyama kama simba na chui": hiyo ni mifano. "Askari kama simba": huo ni ulinganisho. Mashine inayofuata kiunzi itaandika kwamba simba ni aina ya askari. Ongeza vile, utasema, yaani tukubali "kama vile" tu. Vema, itapona kidogo, lakini itakuwa imetupa sehemu kubwa ya maandishi yetu, kwani wangapi tunaandika vile kila mara? Na bado kuna kama ya sharti na kama ya kukadiria, "watu kama mia". Neno moja, na kila mara msomaji anajua ni lipi bila kujua amejuaje.

Isitoshe kuna upande ambao Kiswahili kingeisaidia mashine kuliko Kiingereza, na haki lazima isemwe. Sisi tuna upatanisho wa kisarufi. Mbuzi aliyekula majani ni "mbuzi huyu"; mbuzi ya nazi ni "mbuzi hii". Kiboko wa mtoni ni huyu, kiboko cha mwalimu ni hiki. Paa huyu anakimbia, paa hili linavuja. Fungua gazeti la michezo, utakuta "Simba yaichapa" timu fulani. Kiambishi kinatangaza kwamba ni klabu, si yule wa Serengeti. Mashine inayotazama viambishi ingetatua mengi ambayo mashine ya Kiingereza inayahangaikia. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitumia miaka mingi kutengeneza programu ya kuchanganua maneno ya Kiswahili kiambishi kwa kiambishi, na hazina ya matini iliyojengwa huko Helsinki kwa msingi wa kazi hiyo ina maneno takribani milioni 25. Kazi ya heshima, na inatia aibu kidogo kwamba imefanyika mbali na hapa.

Lakini nenda na viambishi hivyo kwenye fasihi, uone. "Kifo kilibisha hodi" na "Kifo alibisha hodi" si sentensi moja. Katika ya pili msimulizi amempa kifo miguu, mkono wa kubishia, labda na kanzu. Herufi moja tu imefanya kazi ambayo Kiingereza kingehitaji herufi kubwa au maelezo. Kwa mashine, kifo sasa kimeingia orodha ya viumbe hai, na hapo kicheko kingenikaba. Geuza upande wa pili: "kile kizee kimekuja tena." Aliyekuja ni mtu. Aliyesema hivyo anamchukia, au anamdharau, au anajifanya kumdharau mbele ya wengine. Mashine ifuatayo ngeli itamtoa yule mzee katika orodha ya watu, ambalo ndilo hasa aliyesema alilotaka. Kwa hiyo mashine haikukosea sarufi. Ilichokosa ni kuuliza: hii ni sauti ya nani? Imechukua chuki ya mhusika ikaiweka katika ghala la kweli za ulimwengu. Sisi somo zima la usimulizi tunalisoma ili kuuliza swali hilo moja.

Sasa niseme ile sababu ya haya.

Nilipokuwa kidato cha tano tulipewa Kusadikika kuwa kitabu cha lazima. Nakala zilikuwa chache, zikiwa zimechanika, na zamu ya kusoma ilikuwa ndefu. Nikanunua mwongozo. Niliusoma mara tatu. Katika mtihani liliulizwa swali la dhamira na wahusika, nikaandika kurasa nne bila kusita: Karama ni mshtakiwa, kosa lake ni kutaka kuanzisha elimu ya sheria, Majivuno ni mshtaki, wajumbe waliotumwa ni sita, waliporudi waliadhibiwa, dhamira kuu ni haki na uongozi mbaya, fani ni hivi, maudhui ni vile. Nilipata alama ya juu kuliko rafiki yangu aliyekisoma kitabu chenyewe. Yeye alikuwa ameandika jibu refu lenye wasiwasi, akijaribu kueleza kwa nini Karama anajitetea kwa kusimulia badala ya kukana. Mwalimu aliandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba ametoka nje ya swali.

Niliposoma jinsi NELL inavyoandika imani zake, kitu hiki uhusiano huu kitu kile, nilijiona. Kurasa zangu nne zilikuwa hivyo hivyo. Kila nilichoandika kilikuwa sahihi, hata zaidi ya asilimia 74! Na sikuwa nimesoma.

Nilikuja kukisoma kitabu hapa chuoni, mwaka wa kwanza, usiku mmoja umeme ulipokatika na nina mshumaa. Ndipo nikaliona lile la rafiki yangu. Karama yuko mahakamani katika nchi inayokataa elimu ya sheria, na namna anavyojitetea, kwa utaratibu, kwa ushahidi, akiwaita wajumbe mmoja mmoja kwa njia ya hadithi, ni sheria yenyewe inayofanya kazi. Wanamsikiliza. Wakishamsikiliza wameshaingia katika kitu walichokipiga marufuku. Jambo hilo huliwezi kuliandika kama Karama, uhusiano, kitu. Halimo katika sentensi yoyote ya kitabu. Limo katika mpangilio, na katika muda ambao msomaji anaketi akingoja hukumu pamoja na watu wa baraza.

Sisemi haya ili kuwacheka watengenezaji wa mashine. Wao walijua wanachofanya, na walikiri makosa hadharani, kosa kwa kosa. Ninachouliza ni kwa nini sisi tulikuwa tunafundisha watoto kusoma hivyo kabla mashine haijazaliwa. Mwongozo wa fasihi unaanza na mifupa ya makundi: dhamira, migogoro, wahusika, mandhari, falsafa. Mwanafunzi anapewa mifano michache, anatumwa akavue. Akileta jina katika kundi lake, alama moja. Na imani ikishapandishwa cheo haishushwi tena. Jaribu kuandika katika mtihani kwamba mhusika anayeitwa mwema si mwema sana.

Hata hivyo itakuwa si uungwana kuishia kwa NELL, maana mambo yamegeuka. NELL ilisimama baada ya miaka kadhaa, na mashine zinazosomwa habari zake leo ni za ukoo mwingine. Mwaka 2017 watafiti wa Google walichapisha muundo uitwao transfoma, na tangu hapo zimejengwa programu kubwa za lugha ambazo hazipewi makundi wala mifano. Zinapewa kazi moja tu: kubahatisha neno linalofuata. Zinasomeshwa matini nyingi kupita kiasi, zikibahatisha, zikikosea, zikirekebishwa hesabu zake, mara mabilioni kwa mabilioni. Kutokana na mchezo huo wa kijinga zikapata uwezo ambao NELL hakuwahi kuuota. Ukiiandikia leo mojawapo ile sentensi ya bibi na mbuzi, ina nafasi nzuri ya kukueleza habari za nazi. Ukiipa "kile kizee" itakuambia kuna dharau. Nami sitajifanya sijashangaa.

Ila tumebadilishana kitu. Imani ya NELL ilikuwa na ukoo. Ungeweza kuuliza imetoka wapi, ukaonyeshwa viunzi na kurasa. Ndiyo maana kosa la biskuti liliweza kufuatwa nyuma mpaka kwenye sentensi moja ya mtu aliyefuta kuki zake. Programu za leo hazina orodha. Maarifa yake yamesambaa katika tarakimu kama chumvi katika mchuzi, na ukiuliza chumvi hii imetoka mfuko gani, hakuna wa kukujibu. Mhakiki amefunzwa kutaja ukurasa. Kwa hili tu napenda NELL na ujinga wake kuliko werevu wa hawa wa sasa, ingawa mwenzangu wa chumbani ananiambia hiyo ni kasumba ya watu wa maktaba.

Tena kuna suala la kinachosomwa. Mashine inajua kile kilichomo katika intaneti, na Kiswahili kilichomo humo ni cha aina gani? Kingi ni cha magazeti, tafsiri za vitabu vya dini, kurasa za Wikipedia, maandishi ya serikali na ya mashirika, ambayo mengi ni Kiingereza kilichovishwa kanga. Mwaka 2021 watafiti wa Kiafrika wa mtandao wa Masakhane walitoa mkusanyo wa kuifundisha mashine kutambua majina ya watu, mahali na taasisi katika lugha kumi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Kazi nzuri, na ya watu wetu wenyewe. Matini zake ni habari za magazeti, kwa sababu ndizo zinazopatikana. Riwaya zetu ziko katika makabati, nyingine hazijachapishwa tena kwa miaka, na tenzi nyingi ziko katika hati ambazo wachache wanazisoma. Sitaki kusema kwamba ziwekwe zote humo bila idhini. Wenye haki ya vitabu wanakula kwa vitabu hivyo, au wangepaswa kula. Lakini mashine inayojua "kama" ya msemaji wa wizara na haijui "kama" ya mtunzi itakuja kuwafundisha wadogo zetu insha. Imeshaanza. Juzi nilimsaidia binamu yangu wa kidato cha pili kazi yake ya nyumbani, nikakuta "mwisho wa siku" mara tatu katika ukurasa mmoja. Nilipomuuliza ameitoa wapi, akanionyesha simu.

Muhula uliopita tulifanya zoezi dogo, mimi, mwenzangu wa chumbani na mwanafunzi mmoja wa kompyuta aliyekuja kwa udadisi. Tulikata kadi za manila, tukafungua Kusadikika mahali popote, tukasoma kurasa mbili kwa kucheza NELL: kila sentensi inayoweza kuwa imani, iandikwe kadi. Tulijaza meza. Kisha tukaanza kushusha vyeo, tukiuliza kila kadi, nani kasema, na anataka tusadiki nini. Zoezi la kwanza lilichukua nusu saa. La pili lilitupitisha saa sita za usiku, na mlinzi wa jengo alikuja mara mbili kutuambia tuzime taa.

Kadi moja ilitushinda. Iliandikwa "Kusadikika, ni nchi". Mimi nilitaka iondolewe. Mwanafunzi wa kompyuta alisema kwa kanuni yoyote anayoijua inabaki. Mwenzangu wa chumbani, yule aliyenicheka, aliishika muda mrefu akiigeuza, akauliza kama mwaka 1951 kuna msomaji wa Tanganyika aliyeisoma akadhani ni nchi nyingine. Hatukuijibu. Kadi zile nimezifunga kwa mpira, ziko katika droo yangu. Ile moja bado iko juu ya meza.